Samaki Hawana Likizo

Bwawa la samaki huwa hatarini zaidi wakati wanafunzi bado wamelala. Mchana kutwa, mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa msaada wa jua. Jua likizama, mimea hiyo hiyo hugeuka mlaji: inavuta oksijeni ile ile inayovutwa na samaki na bakteria wa kwenye tope. Akiba hupungua saa baada ya saa, na hufika chini kabisa muda mfupi kabla ya kupambazuka. Mfugaji anayefika bwawani saa kumi na mbili asubuhi akawakuta sato wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wakitweta, anajua kwamba siku hiyo hawapi chakula, na kwamba lazima aingize maji mapya upesi. Anayefika saa nne, baada ya vipindi viwili vya darasani, hakuti dalili yoyote. Jua limeshafanya kazi yake na maji yanaonekana salama, mpaka siku atakapokuta mizoga imeelea.

Jambo hilo dogo linaeleza kwa nini ufugaji wa samaki ni somo gumu kufundishwa kwa kengele ya shule. Na sasa ndiyo unaingia shuleni kwa kishindo.

Nchini Kenya, mtaala wa umilisi umefika sekondari ya juu, ambapo kundi la kwanza la wanafunzi lilipangiwa kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Miongoni mwa masomo ya kiufundi waliyowekewa, pamoja na useremala, umeme, ujenzi na usafiri wa anga, limo somo la teknolojia ya bahari na uvuvi. Tanzania nayo, kupitia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, imeigawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na wanafunzi wa kwanza wa amali walianza kidato cha kwanza Januari 2024. Nia ni moja pande zote mbili za mpaka: kijana amalize shule akiwa na kazi mikononi, si cheti tu mfukoni.

Upande wa soko, hesabu inawapa haki waliopanga hivyo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linaonyesha kwamba mwaka 2022, kwa mara ya kwanza katika historia, wanyama wa majini waliofugwa duniani walikuwa wengi kuliko waliovuliwa: tani milioni 94.4 zilitoka kwenye mabwawa, vizimba na mashamba ya majini, sawa na asilimia 51 ya jumla yote. Afrika inachangia sehemu ndogo tu ya uzalishaji huo wa kufuga, na sehemu kubwa ya hicho kidogo inatoka Misri, kisha Nigeria. Wakati huohuo samaki wa ziwani wanapungua. Mvuvi wa Ziwa Victoria aliyezoea kurudi na sangara wa kilo kumi anajua hali ilivyo bila kusomewa takwimu.

Lakini ukanda huu una historia ya kuchimba mabwawa kabla ya kumfundisha mtu, na historia hiyo inafaa kukumbukwa kabla shule haijanunua hata koleo moja.

Mwaka 2009 Serikali ya Kenya, kupitia mpango wake wa kuchochea uchumi, iliamua kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi. Bwawa moja lilikuwa na ukubwa wa mita za mraba 300 na lilipandwa vifaranga 1,000. Matokeo ya mwanzo yalishangaza. Uzalishaji wa samaki wa kufugwa, ambao mwaka huo ulikuwa chini ya tani 5,000, ulipanda hadi zaidi ya tani 24,000 mwaka 2014. Kisha ukaporomoka. Kufikia 2017 ulikuwa umerudi karibu na tani 12,000. Ruzuku ilikuwa imekoma, vifaranga bora havikupatikana kirahisi, chakula kilikuwa ghali, na watu wengi waliokuwa wamepewa bwawa hawakuwahi kufundishwa kuliendesha. Mabwawa mengine yalibaki mashimo ya vyura. Takwimu zilipoanza kupanda tena, zilibebwa zaidi na vizimba vya Ziwa Victoria: uchunguzi wa picha za setilaiti uliochapishwa 2020 ulihesabu vizimba 4,357 upande wa Kenya peke yake.

Tanzania iliyapitia hayo mapema zaidi. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949 huko Korogwe mkoani Tanga na Malya mkoani Mwanza, na katika miaka iliyofuata mabwawa mengi yalichimbwa. Mengi yalikufa kwa sababu zile zile ambazo Kenya ingekuja kuzijua nusu karne baadaye: usimamizi mbovu, mbinu zisizofaa, ukame.

Hivyo swali la shule si kama iwe na bwawa. Kuchimba ni kazi rahisi. Vijana wa kidato cha tatu wanaweza kuimaliza kwa wiki chache. Swali ni nini kitakachobaki kichwani na mikononi mwa mwanafunzi bwawa likishajaa maji.

Chukua kazi ya kwanza kabisa, ya kujua kama maji yana rutuba. Maabara yenye vifaa itatumia sahani nyeusi na nyeupe iliyopewa jina la Angelo Secchi, padri wa Kitaliano na mwanaastronomia, aliyetumia sahani ya aina hiyo mwaka 1865 kupima uangavu wa bahari ya Mediterania. Sahani hiyo hushushwa kwa kamba hadi isionekane. Ikipotea kwenye kina cha sentimita 30 hivi, maji yana kijani cha kutosha kulisha samaki bila kuwanyima hewa. Shule isiyo na sahani inaweza kuitengeneza kwa mfuniko wa ndoo na rangi mbili. Na isiyo na mfuniko ina mkono: mwanafunzi anazamisha mkono wima, kiganja kikiwa wazi, akiutazama. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimezidi, aache kuweka samadi. Maji yakifika kwenye kiwiko na bado anaona vidole vyake, maji yana njaa. Kipimo hicho hakigharimu hata senti, na anayekirudia kila wiki kwa muhula mzima akiandika matokeo daftarini ameshaanza kuwa fundi.

Kazi ya pili inadai macho makali zaidi. Sato jike huanza kuzaa akiwa mdogo, hubeba mayai na watoto mdomoni, na katika kipindi hicho hali vizuri. Bwawa lenye madume na majike pamoja hujaa vitoto ndani ya miezi michache, wote wanagombea chakula kimoja, na siku ya kuvua mfugaji anatoa mamia ya samaki wa ukubwa wa kiganja ambao hakuna mama ntilie atakayewataka. Ndiyo maana wafugaji hutaka madume watupu, ambao pia hukua haraka. Vituo vikubwa vya kutotolesha hulisha vifaranga chakula chenye homoni kwa wiki tatu hadi nne tangu waanze kula, ili wote wawe madume. Shule haina haja ya kugusa homoni. Inaweza kufundisha njia ya zamani, ya kuwatenga kwa mkono samaki wakifika gramu 20 hadi 30.

Mwanafunzi humshika samaki chali kwenye kiganja kilicholowa, maana mkono mkavu humvua ute unaomlinda na magonjwa. Huangalia sehemu iliyo kati ya mkundu na pezi la chini. Dume ana tundu moja nyuma ya mkundu, kwenye ncha ya kijichuchu kirefu kidogo. Jike ana mawili, na la katikati limekaa kama mstari mdogo uliokatwa kwa wembe. Tone la rangi ya buluu ya maabara, au hata wino, hulifanya lionekane. Samaki mia wa kwanza ni mateso: wanateleza, wanachoma kwa miiba ya mgongoni, na makosa ni mengi. Lakini hakuna kitabu kitakachomfundisha mtu kazi hii, na hakuna mwajiri katika kituo cha vifaranga atakayemkataa kijana anayeiweza kwa haraka na kwa usahihi.

Kisha ni hesabu, na hapa ndipo mwalimu wa hisabati anapofaa kuvua viatu na kufika bwawani. Bwawa lina sato 1,000. Wanafunzi wamevuta kokoro, wakawapima samaki 50, wakapata wastani wa gramu 100. Uzito wote ni kilo 100. Ukiwalisha asilimia tatu ya uzito wao, ni kilo tatu za chakula kwa siku. Vizuri. Lakini nani amehesabu samaki walioliwa na mdiria, fisi maji na, tuseme ukweli, walinzi wa usiku? Kama wamebaki 800, chakula sahihi ni kilo mbili na gramu 400. Gramu 600 zilizozidi zinazama kila siku, zinaoza, zinakula ile oksijeni ya alfajiri, na baada ya siku 30 ni kilo 18 za chakula zilizotupwa majini. Mwanafunzi azizidishe kwa bei ya kilo moja dukani. Hiyo ni asilimia, wastani, sampuli, baiolojia na hasara ya biashara ndani ya swali moja, na chakula ndicho kinachobeba zaidi ya nusu ya gharama zote za mfugaji.

Afya nayo haiwezi kuachwa nje. Bwawa lililoachwa liote majani kingoni huvuta konokono, na konokono ndio wabebao vijidudu vya kichocho. Shule itakayowaingiza watoto majini bila kufyeka kingo na bila viatu vya mpira itakuwa inafundisha kazi moja na kuambukiza ugonjwa mmoja.

Sasa turudi kwenye kengele. Sato wa bwawani huchukua kama miezi sita hadi minane kufikia uzito wa kuuzwa, na zaidi ya hapo kwenye baridi: maji yakiwa chini ya nyuzi 20 anakua kwa kusuasua, ndiyo maana ushauri wa Kisumu haufai kunakiliwa Njombe au Nyeri. Kwenye mito ya baridi ya Mlima Kenya wanafuga trauti, samaki wa maji baridi. Kwa vyovyote, hakuna muhula wa miezi mitatu unaotosha mzunguko mmoja. Wanafunzi wanapanda vifaranga Februari, wanafunga shule Aprili, wanarudi, wanafunga tena Agosti. Likizo ikifika, anayelisha ni mlinzi au mpishi. Wakati wa kuvua, waliopanda wako kwenye mitihani, na samaki wanaishia kwenye sufuria ya sherehe ya bodi ya shule bila hata kupimwa. Mwanafunzi ameona mwanzo wa jambo hapa na mwisho wake pale, hajauona mwendo wake.

Norwei ilikata fundo hili kwa njia ambayo watunga mitaala wetu wangeitazama kwa makini. Ufugaji wa salmoni huko ni mchanga kuliko wengi wanavyodhani: ndugu wawili wa ukoo wa Grøntvedt waliweka salmoni kwenye kizimba kinachoelea katika kisiwa cha Hitra mwaka 1970, na leo nchi hiyo inazalisha zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Kijana wa Kinorwei anayechagua fani hii hukaa miaka miwili shuleni, kisha miaka miwili kama mwanagenzi katika kampuni ya ufugaji, akilipwa mshahara unaopanda kadiri anavyoiva. Mwisho hufanya mtihani wa vitendo, na akifaulu hupata cheti cha ufundi kinachotambulika nchi nzima. Baadhi ya shule za sekondari hupewa leseni maalumu ya kufuga salmoni kwa ajili ya kufundishia. Vizimba vyao ni vya kweli, samaki ni wa kuuzwa kweli, na samaki wakiugua shule inawajibika kisheria kama kampuni yoyote. Miaka miwili ya uanagenzi haifuati mihula. Inafuata samaki.

Wanorwei si wageni kwetu katika jambo hili. Kituo cha uvuvi cha Mbegani, karibu na Bagamoyo, kilijengwa kwa msaada wao, na leo ni moja ya kampasi za Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Majengo yalikuja. Lile wazo la mwajiri kumlipa mwanafunzi akiwa anajifunza ndilo lililochelewa kutia nanga.

Mjini New York kuna mfano mwingine, wa kistaarabu na wa ajabu kidogo. Shule ya sekondari ya Harbor, iliyoanza mwaka 2003 katika mtaa wa Bushwick, Brooklyn, ilihamia mwaka 2010 kwenye Governors Island, kisiwa kilicho ng'ambo ya Manhattan, na wanafunzi huvuka kwa kivuko kila asubuhi. Wanachagua fani kama ya kuendesha vyombo vya majini, kupiga mbizi, uhandisi wa bahari, au ufugaji wa viumbe wa majini. Wanachofuga ni chaza. Bandari ya New York iliwahi kujaa chaza kabla ya maji machafu na uvunaji wa kupita kiasi kuwamaliza. Maganda hukusanywa kutoka mikahawani, huachwa juani kwa muda mrefu hadi yawe safi, kisha hupandwa vitoto vya chaza. Mradi uliozaliwa hapo, Billion Oyster Project, unalenga kurudisha chaza bilioni moja bandarini ifikapo 2035. Hakuna anayeruhusiwa kuwala, maana maji ya bandari bado hayafai kwa chakula. Kwa mfugaji wa Homa Bay hilo litasikika kama mzaha: kufuga usichokula wala kuuza. Lakini vijana hao wanatoka shuleni wakijua kutotolesha, kupima maji, kupiga mbizi na kuendesha boti, na kazi hizo zina mishahara.

Wajapani, wenye shule za sekondari za uvuvi tangu karne ya 19, wanaonyesha upande wa usindikaji. Katika mji wa Obama, mkoani Fukui, wanafunzi wa sekondari ya Wakasa walirithi kutoka shule ya uvuvi iliyounganishwa nayo mradi wa kutengeneza samaki wa kopo anayefaa kuliwa na wanaanga. Kundi moja la wanafunzi lilihitimu na kuwaachia wadogo zao daftari, mwaka baada ya mwaka. Kimoja cha vikwazo kilikuwa mchuzi: mahali pasipo na mvutano, mchuzi mwepesi huruka na kutapakaa. Waliufanya mzito kwa wanga wa mizizi inayopatikana kwao. Mwaka 2018 shirika la anga la Japani liliupitisha mkebe huo, na mwaka 2020 mwanaanga Soichi Noguchi aliufungua kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Kilichowafikisha huko ni daftari lililorithishwa. Bwawa la shule linalofutwa kumbukumbu kila mwalimu anapohamishwa haliwezi kufika popote.

Huku kwetu, njia ya baada ya sekondari ipo, ingawa wanafunzi wengi hawaijui. FETA ina kampasi Mbegani, Nyegezi, Kigoma, Mikindani na Gabimori huko Rorya, zinazofundisha ukuzaji viumbe maji, usindikaji na uvuvi kwa ngazi ya astashahada na stashahada, na mlango wake wa kuingilia ni kidato cha nne. Chuo Kikuu cha Sokoine kina shahada ya ukuzaji viumbe maji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule yake ya sayansi za majini na uvuvi yenye kampasi Kunduchi. Kenya kuna taasisi ya Naivasha inayofundisha uvuvi, na Uganda kuna chuo cha uvuvi cha Entebbe. Ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha pili anataka kuwa nani, atataja daktari, mwanasheria na mwanajeshi. Fundi wa kituo cha vifaranga hamo kwenye orodha, kwa sababu hajawahi kumwona.

Na kosa la ushauri wa kazi shuleni ni kudhani kwamba kila anayesomea samaki atamiliki bwawa. Wachache watamiliki. Sekta inaajiri zaidi pembeni mwa maji: watu wa kutotolesha vifaranga na kuwasafirisha ndani ya mifuko iliyojazwa oksijeni, watu wa kupika na kuchanganya chakula kutokana na dagaa, soya na pumba, mafundi wa kushona nyavu na kuunganisha vizimba, wapiga mbizi wa kuokota mizoga na kukagua matundu, wapimaji wa maji, madereva wa magari ya barafu, wakata minofu, wauzaji. Mtoto asiyependa kulowa anaweza kuwa mhasibu wa shamba la samaki, na akiwa mzuri atakuwa mtu muhimu kuliko mwenye koleo.

Pwani ina hadithi yake. Kilimo cha mwani kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake wanaofuata maji yanapokupwa. Aina yenye bei nzuri zaidi, inayoitwa kotoni, imekuwa ikifa maji ya kina kifupi yanapopata joto. Mtafiti Flower Msuya amefanya kazi kwa miaka mingi na wakulima hao, ikiwamo kujaribu nyavu za mirija zinazowezesha mwani kulimwa kwenye maji ya kina zaidi, yenye ubaridi. Tatizo jipya likatokea palepale: kina kirefu kinahitaji boti na kujua kuogelea, na mabinti wengi wa visiwani hawajafundishwa kuogelea. Shule ya Paje au Jambiani inayotaka kuandaa wanafunzi kwa kazi za bahari ingeanza hapo, kabla hata ya kitabu cha baiolojia. Ufugaji wa mwatiko, kaa na jongoo bahari unazidi kupata wafuasi, na kote huko mahitaji ya kuogelea, kuendesha chombo na kusoma majira ya maji ni yale yale.

Ziwa Victoria nalo lina sababu yake ya kuwataka wasichana katika fani hii. Kwa miongo kadhaa wanawake wachuuzi katika baadhi ya mialo wamelazimika kuingia katika mahusiano ya kingono na wavuvi ili wapate samaki wa kuuza, mtindo ambao upande wa Kenya huitwa jaboya. Mwanamke mwenye kizimba chake, au mwenye ajira ya kudumu kwenye shamba la samaki, hasubiri mtumbwi wa mtu ufukweni.

Vizimba vina hatari zake, na hizi mwanafunzi azijue mapema. Mwishoni mwa 2022, samaki walikufa kwa wingi katika vizimba vya upande wa Kisumu. Wataalamu waliitaja oksijeni kuwa chanzo: maji ya chini yenye hewa haba yalipanda juu, na samaki aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Miaka miwili kabla, katika mwezi wa mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, sangara walielea wakiwa wamekufa upande wa Uganda kwa sababu inayofanana. Januari 2024 jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba vya mkopo kwa wavuvi na vikundi, vijana wakiwamo. Mkopo hauulizi kama maji yalipinduka usiku. Kijana anayesaini bila kujua kusoma kipima oksijeni, bila kujua kwa nini kizimba hakiwekwi kwenye ghuba isiyo na mkondo, anasaini deni tu.

Je, shule ifanye nini na mihula yake? Zipo njia zisizohitaji fedha za Norwei. Darasa moja lipewe mzunguko mmoja kamili, kutoka kifaranga hadi mauzo, hata ukivuka mwaka, na darasa jingine lipokee daftari. Likizo zigawanywe kwa zamu za wanafunzi wanaokaa jirani, wakilipwa posho kutoka kwenye mauzo. Mwalimu asiachwe peke yake: bwana samaki wa wilaya au wa kaunti, ambaye kazi yake ni hiyo, apangiwe siku bwawani badala ya kualikwa siku ya mgeni rasmi. Mashamba makubwa ya ziwani yapokee wanafunzi kwa miezi, si kwa ziara ya saa mbili ya kupiga picha. Na mtihani uwe wa vitendo. Mwanafunzi anayeweza kuandika sifa tano za bwawa bora lakini hajawahi kutofautisha dume na jike asipewe cheti cha fani hii.

Linabaki suala la bei, ambalo ndilo litakaloamua kama fani italipa. Kwenye masoko ya Nairobi, sato waliogandishwa kutoka China wamekuwa wakiuzwa kwa bei ambayo mfugaji wa ndani anahangaika kuifikia. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba samaki hao wasiendelee kuingia, lakini katazo halikudumu. Mfugaji mzuri hutumia kama kilo moja na nusu ya chakula kupata kilo moja ya samaki. Mfugaji mzembe hutumia kilo mbili na nusu, na hapo hana tena biashara, ana mapenzi ya samaki. Tofauti kati ya hao wawili inapimwa kwa mizani na daftari. Kila shule yenye bwawa ingeweza kuwatuma wanafunzi wanne sokoni siku ya Jumamosi, mmoja akiuliza bei ya samaki wa boksi, mwingine ya sato wa ziwani, wa tatu ya chakula cha kuelea, wa nne ya usafiri, kisha Jumatatu wakaziandika ubaoni kando ya gharama ya kilo moja kutoka bwawa lao. Kama gharama yao iko juu, wana kazi ya muhula mzima ya kutafuta shilingi hizo zinavujia wapi.